Kirungu cha Mlango

Fundi Kefa alikuja na kitasa kipya ndani ya mfuko wa nailoni, kimetumwa na wanangu kutoka Dar es Salaam, na kabla hajatoa hata bisibisi akaniuliza, "Bibi, hiki kitasa cha zamani nikitupe, au mtakiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu?" Nikamwambia hicho si kitasa. Akakitazama, akanitazama mimi, kisha akamtazama mjukuu wangu Neema aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Neema akasema polepole, kama vijana wanavyosema na wazee siku hizi, "Bibi, ni kitasa. Cha duara, lakini ni kitasa." Nikasema kitasa ni kitu cha kufungia, kina ufunguo, kina tundu, na kazi yake ni kumzuia mtu. Hicho cha duara hakimzuii mtu yeyote. Hicho ni kirungu. Fundi akacheka kwa adabu. Kwake yeye kirungu ni fimbo yenye kichwa anayoibeba Mmasai kule bondeni, na mlango wangu hauchungi ng'ombe. Sikuwalaumu, yeye wala Neema. Neno hilo kwa maana hiyo lilijulikana na watu wa nyumba mbili tu, na tangu mume wangu Mbonea azikwe mwaka jana, mvua za vuli zikianza, nimebaki mimi peke yangu ninayelitumia. Nikamwambia fundi akae, mlango hautakimbia, nikawasimulia habari za mwaka ule. Haya ninayoandika ndiyo hayo hayo, ila nimeongeza yale ambayo mwanamke mtu mzima hamwambii fundi.

Ulikuwa mwaka mmoja katika ile miaka ya mwisho ya Mwingereza, picha ya Malkia bado inaning'inia stesheni ya Same juu ya dirisha la tiketi. Mambo ya ukoo wetu sitayaeleza. Anayeyataka aje tukae, maana yanahitaji sufuria zima la chai. Itoshe kwamba baba alikuwa amekwisha kufariki, na kaka yangu Yona, karani wa stesheni, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Mimi nilikuwa binti mkubwa, nimemaliza shule ya kati, nikashushwa kutoka milimani nimsaidie wifi yangu Naeli aliyekuwa ametoka kujifungua. Nyumba waliyopewa ilikuwa imeachwa na Mhindi mmoja, mkuu wa stesheni, aliyehamishiwa Korogwe. Mpaka leo nikifumba macho naiona: sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, dirisha la vioo ambalo vumbi la Same lililifunika kila saa, ukuta wenye alama za misumari alipotundika picha za miungu yake. Jiko lilikuwa nyuma, ng'ambo ya ua, na mlango wake ulifungwa kwa komeo la mti kama milango yote niliyoijua. Lakini mlango wa mbele ulikuwa wa kijani, na katikati yake, usawa wa tumbo, palikuwa na kitu cheupe cha kauri, mviringo kama yai la bata. Na ndani palikuwa na mwenzake. Viwili hivyo viliunganishwa na kipande cha chuma kilichopita katikati ya ubao.

Siku ya kwanza nilikisukuma, nikakivuta, mlango ukabaki umenuna vile vile. Wifi alikuwa ameketi kitandani na mtoto, akacheka mpaka mtoto akaamka. "Kinyonge shingo," akaniambia. "Kama kuku. Lakini usiue." Nikakinyonga, mlango ukafunguka, nikaanguka nao nje mbele ya watu wa reli waliokuwa wakipita. Hatukuwa na jina la kitu kile. Kaka alikiita kitasa kwa sababu Mhindi alikiita kitasa. Wifi alikiita "kile cheupe". Mimi sikukiita kitu, kwa kuwa sikuwa na haja nacho: watu wetu wote, wauza maziwa, majirani, wanawake wa kanisani, walipita mlango wa jikoni. Mlango wa mbele ulikuwa wa kaka na wa wenzake wa stesheni, watu waliozoea kujifungulia.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, na Neema nilipomweleza aliona ni jambo dogo. Kwetu milimani wakati ule mgeni akiwa mlangoni hakuwa na cha kushika. Mlango ulikuwa mbao tupu kwa nje, na gogo la kuufungia lilikuwa ndani. Mikono ya mgeni ilikuwa ya kubebea zawadi. Alipiga hodi, aliye ndani akaitikia karibu, na karibu ile ilikuja na miguu: mtu aliinuka, akatoa gogo, akafungua, akampokea mzigo. Kama huna nia ya kumpokea mtu, ulinyamaza, naye akajua. Lakini kusema karibu kisha ukakaa kitako, hilo hatukuwa nalo.

Mbonea aliingia maisha yangu kwa mlango wa jikoni. Alikuwa kijana wa Vudee, akishusha maharage na ndizi siku za gulio, na wifi alikuwa mteja wake kwa sababu alipima kwa mkono mzito. Alikuwa mrefu, mwenye haya, na alikuwa na tabia ya kutazama chungu kabla ya kumtazama mtu. Mara ya kwanza nilimpakulia makande bila kuambiwa, akala, akasema, "Dada, haya yameiva mpaka moyoni." Nikajua hasemi habari za makande peke yake. Mara ya pili alileta maharage mekundu, akasema ni ya kupikia makande, si ya kuuza. Wifi akayapokea huku akitabasamu na ukuta. Baada ya miezi kadhaa wifi alikuwa akiona siku ya gulio imefika anapata shughuli kwa jirani, na mtoto anakwenda naye. Tulikaa jikoni, mimi nikichambua mchele, yeye akikata kuni ambazo hazikuhitaji kukatwa. Nilimpenda. Nalisema hivyo kwa sababu nina umri wa kulisema.

Baba yake Mbonea alikuwa amefariki kama baba yangu, na aliyemlea ni baba yake mkubwa, Mzee Mchome, mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe, ambaye Vudee nzima ilimwogopa kwa sababu hakusahau neno. Bila yeye hakuna posa, na bila posa hakuna ndoa, si nyumbani si kanisani. Siku moja Mbonea aliniambia, akiwa ameinamia kuni, "Baba Mkubwa amekubali. Atashuka mwenyewe." Niliacha kuchambua mchele. Akaongeza, "Hapendi kubishiwa, wala kuchekwa. Mengine yote anayavumilia." Nikamwambia nyumba yetu haina wa kumbishia wala wa kumcheka. Hatukumwambia kaka, maana mila ni mposaji ajilete mwenyewe bila kupigiwa mbiu.

Akashuka. Nilikuwa nikifagia chumba cha mbele nilipomwona dirishani akija kutoka upande wa gulio, kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, mkungu wa ndizi begani na kibuyu mkononi. Nilitupa ufagio nikakimbilia chumba cha ndani, kwa sababu binti hamfungulii mlango mtu aliyekuja kumposa; afadhali aonekane anaoga mtoni. Nikajikunyata nyuma ya kitanda. Kaka alikuwa kazini. Wifi alikuwa uani akimwogesha mtoto kwenye karai, mikono yote povu. Mzee Mchome angeweza kuzunguka jikoni kama kila mtu, lakini yeye alikuja kwa heshima, na heshima ikampeleka mlango wa mbele.

"Hodi hapa!"

"Karibu!" wifi akaitikia kutoka uani, akidhani ni mtu wa stesheni. "Karibu ndani!"

Nikasikia mkono ukigusa ubao. Mlango ukasukumwa, haukwenda. "Hodi wenyewe!"

"Karibu, pita tu! Mlango uko wazi!"

Ukasukumwa tena, kwa nguvu zaidi. Mle nyuma ya kitanda nilikuwa nikiomba Mungu ampe wifi akili ya kuinuka. Mimi mwenyewe sikuweza kuita. Ningesema nini, na kwa jina gani? Nje mzee alikohoa. Akapiga hodi ya tatu, ya chini, isiyo na matumaini, na wifi akajibu kwa sauti ya mtu anayeanza kuchoka, "Si nimesema uko wazi jamani! Ingia!" Kisha nikasikia viatu vikishuka ngazi. Nilipochungulia dirishani, mkungu wa ndizi ulikuwa umerudi begani, na mzee anakwenda bila kugeuka. Wifi akaja akijifuta mikono, akafungua mlango, akakuta ngazi tupu. "Nani alikuwa?" akaniuliza. Nililia kwanza ndipo nikamjibu.

Siku ya gulio iliyofuata sikumwona Mbonea. Niliwaona wanawake wa Vudee, wamekaa nyuma ya mafungu ya viazi vikuu, nami nikasimama nyuma ya duka la kitambaa nikijifanya napima kanga. Mmoja alikuwa akisema, "Karibu, karibu, na mlango umefungwa! Mara tatu, mtu mzima na ndevu zake." Mwingine akasema labda walinusa kibuyu, pombe ile ya dengelua ilikuwa kali, na karani ni mtu wa kanisa. "Basi wangesema hawanywi! Ya nini kumwambia mtu uko wazi, uko wazi, huku wanamcheka ndani?" Wa tatu, aliyekuwa na huruma zaidi, alisema dengelua haikuharibika, mzee aliinywa na watu wa lori njiani, na ndizi aliwapa. Nilirudi nyumbani na kanga ambayo sikupanga kuinunua.

Kaka aliposimuliwa alishika kichwa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa karani, na makarani waliamini kwamba jambo likishasemwa sawasawa limekwisha. Akampata mwuza kuku mmoja aliyekuwa akipanda milimani, akampa ujumbe kwa mdomo: "Mwambie Mzee Mchome hatukufunga. Mlango ulikuwa na kitasa tu, angezungusha." Maneno machache, safi, yasiyo na kosa. Mwuza kuku akamkuta binamu yake njiani akampa ujumbe, binamu akamkuta mama mmoja kisimani, mama akaupeleka. Ulipofika Vudee ulikuwa umepungua uzito kama mzigo wa chumvi kwenye mvua. Mzee Mchome aliambiwa, "Wanasema mlango ulikuwa na kitasa. Ungezunguka."

Nani wa kumlaumu? Kitasa kwa watu wa Vudee kilikuwa kile kikubwa cha ghala la kahawa, chenye ufunguo wa urefu wa kiganja. Mlango ukiwa na kitasa umefungwa, basi. Na kuzunguka ni kuzunguka: apite nyuma, jikoni, kwa wauza maziwa. Mtu aliyetoka alfajiri na kanzu iliyopigwa pasi, ameleta posa, aambiwe angepita jikoni! Sisi Wapare tunasemwa kwamba mtu wetu yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mzee Mchome hakuwa na haja ya kuuza chochote. Kesi hii alikuwa ameishinda kabla haijasikilizwa.

Mbonea akaja mwishowe, kwa mlango wa jikoni, bila maharage. Alikuwa amekonda usoni. "Baba Mkubwa amesema nyumba yenu haitajwi tena mbele yake. Anaulizia binti wa watu fulani Kihurio." Nilimweleza habari ya kile cheupe, nikamvuta mkono mpaka chumba cha mbele, nikamwonyesha. Alikizungusha mara nyingi, akatazama ulimi wa chuma ukiingia na kutoka ubavuni mwa mlango. "Nitamwambia," akasema. Kisha akasimama. "Nitamwambia nini? Hiki kinaitwaje?" Nikasema kaka anakiita kitasa. Akatikisa kichwa. "Hilo neno nikilitamka tena pale nyumbani nitalala nje." Tukasimama wawili mbele ya mlango ule, watu tuliosoma, tukitafuta neno. Kichwa cha mlango. Yai. Kifundo. Kila moja lilichekesha, na Baba Mkubwa hakupenda kuchekwa. Mbonea akaondoka, nami nikaanza kuzoea wazo la binti wa Kihurio, ambaye mpaka leo sijui jina lake na ambaye nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Jioni ile kulikuwa na makande tena mezani na hakuna aliyekula. Kaka alisema yeye hawezi kupanda Vudee. "Mimi ndiye wa kuombwa. Nikimfuata mposaji, dada yangu atakuwa ameuzwa kama mbuzi asiye na mnunuzi." Alikuwa na haki yake. Wifi alikuwa akimnyonyesha mtoto, macho yake mlangoni. Kisha akasema, "Baba Eliya, una bisibisi?"

"Ya nini?"

"Jina hatuna. Basi tuipeleke nafsi yake."

Kaka alisema hiyo ni mali ya reli. Wifi akamwambia reli haina binti wa kuozesha. Asubuhi yake kile cheupe na mwenzake, pamoja na chuma chao, vilifungwa ndani ya kanga ya mtoto, na mlango wa karani wa stesheni ukafungwa kwa kamba ya mkonge iliyopitishwa kwenye tundu. Watu wa stesheni walimuuliza kaka mlango umepatwa na nini, akawajibu unatengenezwa. Sisi tukapanda, wifi na mtoto mgongoni, mimi na kikapu cha mchele wa Kihurio, maana wifi alisema kama kuna kitu chema kinaweza kutoka Kihurio basi kiwe mchele. Safari ilikuwa na kisingizio kizuri: kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa shangazi yake wifi hapo Vudee. Nakumbuka baridi ilivyotupokea, harufu ya mvua na ya majani ya migomba, na miguu yangu iliyokuwa imesahau milima.

Tulifika nyumba ya Mzee Mchome mchana. Mlango umefungwa, moshi unatoka paani, na ndani sauti ya mtu anayekata kitu kwa kisu. Wifi akapiga hodi.

"Karibu!" ikajibu sauti ya mzee, tamu kama asali.

Tukangoja. Kisu kikaendelea.

"Hodi hapa, baba!"

"Karibuni ndani, karibuni! Mlango uko wazi!"

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Wifi akausukuma mlango kwa kidole. Gogo lilikuwa mahali pake. "Hodi," akasema mara ya tatu, na sasa niliona mabega yake yanatetemeka, nikadhani analia.

"Zungukeni!" mzee akasema. "Si ndivyo mnavyosema huko Same? Zungukeni!"

Nyumba ile haikuwa na mlango wa nyuma. Wifi hakuwa analia. Aliachia kicheko ambacho nilikisikia kikigonga mlima wa pili, akasema, "Baba, ningezungusha, lakini nyumba yako haina cha kuzungusha! Ndiyo maana nimekuja nacho!" Ndani kisu kikasimama. Kisha sauti ya mwanamke ikasema kwa ukali, "Wee mzee, watu wana mtoto mchanga mgongoni kwenye ukungu huu, na wewe unacheza kesi?" Gogo likatolewa. Alikuwa mkewe, bibi mdogo wa umbo, akatupokea mizigo yote kwa mkupuo mmoja.

"Shikamoo baba," tukasema.

"Marahaba," mzee akasema, kwa sababu hata mwenye hasira hamnyimi mtu marahaba. Alikuwa akimenya ndizi. Wifi hakueleza lolote. Alimwekea kanga magotini, akaifungua. Mzee akaacha kisu. Akakichukua kile cheupe, akakipima uzito, akakigonga kwa ukucha. Wifi akamwonyesha: huyu anakaa nje, huyu ndani, mlango katikati. Akashika mwenzake. "Zungusha wa kwako, baba." Mzee akazungusha, na kile cha ndani kikazunguka mikononi mwa wifi. Wakafanya hivyo mara kadhaa, mzee na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kila mmoja na kichwa chake cheupe. Halafu mzee akauliza, "Kwa hiyo mtu wa nje na mtu wa ndani wanashika kitu kimoja?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilikuwa nimeshika mkungu wa ndizi."

"Ndiyo, baba. Na mimi nilikuwa na povu mpaka viwikoni. Nilidhani ni watu wa stesheni. Nisamehe."

Mkewe alikoroga chungu kwa kelele ili kuonyesha hasikilizi. Hatimaye mzee akageuza kile kitu, akakishika kwa kile chuma, kichwa cheupe kikiwa juu, akakipunga kidogo hewani. Pembeni ya kiti chake, ukutani, iliegemea fimbo yake ya mti mgumu, yenye kichwa cha mviringo. Akavitazama vyote viwili. "Hiki si kitasa," akasema. "Aliyekiita kitasa ndiye aliyetugombanisha. Kitasa kinafunga. Hiki ni kirungu. Mlango wenu umeshika kirungu kama mzee." Na akacheka, yeye aliyekuwa hapendi kuchekwa, mpaka machozi yakaingia kwenye ndevu. Tulipomaliza kula akatoa hukumu yake. Atashuka tena. Lakini kirungu ni cha watu wa nyumba na watu wa kazini. Aliyekuja kuomba hajifungulii. Safari hii afunguliwe.

Na akafunguliwa. Kaka alikirudisha kirungu mahali pake, akaomba ruhusa kazini, akakaa nyuma ya mlango tangu asubuhi kama askari. Mimi nilikuwa nyuma ya kitanda changu kile kile. Hodi ikaja, karibu ikaenda na miguu yake, mlango ukafunguka, na kwanza sikusikia shikamoo wala marahaba. Nilisikia sauti ya Mzee Mchome ikisema, "Ngoja, karani. Funga kidogo." Kaka akafunga, na kirungu kikalia kikizungushwa kutoka nje. Mzee akaingia, akatoka, akafunga, akajifungulia tena, mpaka aliporidhika. Kisha akafunga kwa mara ya mwisho, akapiga hodi upya kwa sauti ya posa, na kaka akamfungulia. Kulikuwa na wali wa Kihurio na kuku, na dengelua kaka aliiweka kando kwa heshima kubwa, na mambo mengine yalikuwa ya wanaume. Nilipoitwa kuulizwa kama nawafahamu wageni hawa, nilisema ndiyo kabla swali halijaisha, wifi akanifinya.

Tulipojenga nyumba hii hapa Vudee, Mbonea alitafuta kirungu mpaka Moshi, akapata cha shaba. Alikiweka kwa mikono yake. Na maisha yetu yote, akirudi kutoka shambani, kutoka kanisani, kutoka chooni hata, hakukizungusha. Alipiga hodi. Miaka ya mwanzo niliona ni mzaha, miaka ya watoto niliona ni usumbufu, nikamwambia, "Baba Aneti, nina unga mikononi, si uzungushe!" Akajibu kutoka nje, "Aliyekuja kuomba hajifungulii." Basi nainuka, namfungulia, namwambia, "Posa imepokelewa, pita." Watoto walikua wakidhani ndivyo watu wote wanavyoingia majumbani mwao. Tuligombana kama watu wengine, siku nyingine kwa maneno mazito. Lakini hakuna siku aliyoingia humu bila kukaribishwa, na nimegundua uzeeni kwamba ni vigumu kuendelea na hasira kwa mtu uliyemfungulia mlango.

Mwaka wa mwisho kifua kilimchukua sauti. Asubuhi alikaa nje kwenye benchi kuota jua, mimi ndani kwenye kiti changu hiki, nikichambua mchele au nikisoma. Akitaka kuingia hakuweza tena kupiga hodi. Aliweka mkono kwenye kirungu na kukizungusha kidogo tu, kisichofungua, nami nikaona cha ndani kikitikisika, nikainuka. Niliwaza mara nyingi juu ya Mzee Mchome na swali lake lile. Nilifurahi katika miezi ile, nalisema bila haya, ingawa nilijua inakokwenda.

Nilipomaliza kusimulia, Neema alikuwa ameketi sakafuni na chai imepoa. Fundi Kefa alikuna kichwa, akasema kwamba kwa kweli mlango una nafasi. Kitasa kipya anaweza kukiweka juu, wanangu walale usingizi huko Dar es Salaam, na kirungu kibaki chini palepale. Nikamwambia huyo ndiye fundi. Akafanya kazi yake, akapaka na mafuta, kirungu kikaacha kulia. Neema alikwenda jikoni kupasha makande. Fundi akatoka nje, akaufunga mlango, na mimi nikarudi kwenye kiti changu kumalizia mchele.

Kirungu cha ndani kikazunguka kidogo, kikatulia.

Nilikuwa nimekwisha kuinuka, nimefika katikati ya chumba, ndipo nikakumbuka ni nani aliye nje. Ungo wa mchele ulikuwa umemwagika miguuni. Sikurudi kukaa. Nilikwenda nikafungua, na fundi akashtuka, bisibisi mkononi.

"Samahani, bibi. Nilikuwa najaribu tu."

"Najua," nikamwambia. "Karibu ndani."